Bei ya Chungu ni Tumbo Lake

Mvua ya Juni huku Chwele hunyesha mchana, kwa hiyo Nekoye anachoma vyungu asubuhi. Jua halijapanda vizuri, naye ameshapanga vyungu kumi na viwili juu ya kuni, midomo chini, na kuvifunika kwa nyasi kavu alizozificha jikoni wiki nzima zisilowe. Anawasha moto. Kisha anakaa kwenye gogo na kutega sikio.

"Kikipasuka utasikia," anasema. "Pa! Hapo ujue siku tatu zimeenda bure."

Leo vyungu vimenyamaza. Nekoye ni mjane wa miaka hamsini na mmoja, mama wa Nafula na wengine wanne, na amefinyanga papa hapa, wilayani Bungoma, tangu alipoolewa mwaka 1965. Ana robo ekari tu. Nyumba imekula nusu, shimo la udongo limekula sehemu, kilichobaki ni sukuma wiki.

"Wenzangu wanalima mahindi," anasema. "Mimi nalima vyungu."

Wala si mzaha. Kwa karibu miaka thelathini chungu chake hakikuwa na bei ya shilingi. Aliyekitaka alikuja na mahindi, mtama au maharagwe, akakijaza mpaka mdomoni. Nafaka ilimwagwa kwenye gunia la Nekoye, na mteja akaenda zake na chungu. Chungu kikubwa, bei kubwa. Chungu kidogo, bei ndogo. Basi.

Sheria ilikuwa moja. Anayemimina ni mnunuzi, na mfinyanzi hagusi chungu mpaka kijae. Akikitikisa, punje zinashuka na kujipanga, pengo linatokea juu, na mnunuzi analazimika kuongeza konzi mbili tatu. Huo unahesabiwa wizi.

"Mama mkwe aliniambia siku ya kwanza, mikono nyuma! Hata pua ikiwasha, usisogee," anakumbuka, na kucheka mpaka anajifuta machozi.

Miaka ya themanini serikali ndiyo iliyopanga bei ya mahindi. Gunia lilikuwa na bei moja, uwe Bungoma au Kitale, iwe mavuno au njaa, na kulisafirisha kulihitaji kibali. Chungu hakikuwa na habari na hayo yote. Mahindi yapande, yashuke, tumbo la chungu lilikuwa lile lile, na kila Novemba Nekoye alijaza ghala bila kuuliza bei ya mtu.

Halafu likaja soko huria, na malori nyuma yake. Waithaka, mfanyabiashara kutoka Nakuru, alianza kuingia hadi nyuani mwa watu na mizani na noti mpya. Novemba 1994 hakuna aliyetaka kumjazia Nekoye chungu.

"Waliniambia, 'Mama Nafula, si ushike tu pesa bana. Nafaka ni ya lori.' Nikashika."

Aliuza vyungu arobaini kwa shilingi sitini kila kimoja. Hesabu yake haikuwa mbaya: chungu kinameza gorogoro tano, ule mkebe wa kilo mbili, na siku hizo gorogoro ilikuwa shilingi kumi na mbili.

"Elfu mbili na mia nne! Nilifunga kwenye leso, nikalalia. Nikajiona tajiri, wacha tu."

Kufika Juni 1995, gorogoro ilikuwa shilingi ishirini na tano. Leso ile ile sasa haikuweza kununua hata nusu ya nafaka ambayo vyungu vile vingemletea. Julai walikunywa uji mara moja kwa siku. Watoto wake wawili wa mwisho akawapeleka kwa mjomba wao Kimilili, wakakaa miezi miwili.

Hapa Nekoye anaacha kucheka. "Mtoto wako aende kula kwa watu, na wewe una mikono yote miwili. Hiyo iliniuma. Mpaka leo inaniuma. Nikasema haitatokea tena."

Hamlaumu Waithaka. "Yule mtu alilipa kila mtu. Kosa ni langu. Nilidhani pesa inakaa vile nafaka inakaa."

Wataalamu hukutana kwenye mahoteli makubwa kubishana: bei ipangwe, au iachiwe soko? Nekoye ameishi katika mipango mitatu, wa chungu, wa serikali na wa soko, bila kuhama robo ekari yake, na hakuna aliyewahi kumwalika hata kwa chai.

Aliyemfungua macho ni mwenye duka wa Kitale, Harbhajan Singh, anayemuuzia mbegu na vifaa vya bustani kila anayetaka. Oktoba iliyopita, 1995, alimwagiza Nekoye vyungu thelathini vya maua, kwa pesa taslimu, kila kimoja kikiwa na tundu chini.

"Tundu! Maisha yangu yote naomba Mungu chungu kisitoboke, huyu ananilipa nitoboe!"

Walipokuwa wakipakua, alimsimulia mzee huyo habari za leso yake. Harbhajan hakushangaa.

"Mama, kule kwa babu yangu, Punjab, mfinyanzi hakuuza chungu," alimwambia. "Kila mavuno, kila nyumba ilimpa ngano yake. Chungu chako kikivunjika mwaka huo, unaenda kuchukua kingine. Hakivunjiki, ngano yake anapata tu. Yeye alikuwa mtu wa kijiji, sasa utamwacha na njaa namna gani?"

Nekoye alirudi nyumbani na wazo. Vya maua, pesa. Vya kupikia, nafaka, na si kwa mteja wa kupita. Anataka nyumba kumi zitakazomjazia chungu kimoja kimoja kila mavuno, naye atabadilisha chochote kitakachovunjika mwaka mzima.

Mwaka jana walimcheka. Vyungu kumi na tisa tu ndivyo vilivyojazwa nafaka, na hakuna nyumba hata moja iliyokubali mpango wake. Jirani yake Lenah ndiye aliyecheka zaidi. Aliweka shilingi sitini juu ya kigoda, akabeba chungu na kusema mambo ya kupimiana ni ya zamani za bibi zetu. Magunia yake kumi na mawili aliyauza yote kwa lori, akaezeka mabati.

Sasa ghalani kwa Nekoye limebaki gunia moja. Mahindi mabichi ni Agosti, mavuno yenyewe Novemba. Watoto wote watano wako nyumbani, na anataka wabaki nyumbani.

Vyungu vinapoa. Mwanamke anaingia uani, chungu kiunoni.

"Mulembe, Mama Nafula."

"Mulembe, mama."

Ni Lenah. Anakiweka chungu chini na kukitazama. Kitupu. "Gorogoro imefika ishirini na nane," anasema taratibu. "Mabati hayaliwi, dada yangu."

Nekoye anaingia ghalani na kukaa humo kitambo, mpaka mwandishi huyu anadhani hatoki. Anatoka na karai la mahindi na kuanza kumimina. Lenah anarudisha mikono nyuma, kama desturi inavyotaka. Mahindi yanafika mdomoni.

Ndipo Nekoye anakishika chungu kwa mikono miwili na kukitikisa. Mahindi yanashuka. Anaongeza konzi mbili, anatikisa tena, anaongeza.

"Si ulisema hakitikiswi?" namuuliza.

"Anayepokea ndiye asiyetikisa. Leo natoa mimi."

Lenah anajitwika chungu, anakishika kwa mikono yote miwili. Machozi yanamtoka na hawezi kuyafuta. "Novemba nitakujazia," anasema. "Na kila Novemba."

Nekoye anamtazama mpaka anapotelea nyuma ya ua, kisha anainama kukusanya punje zilizoanguka, moja moja.

"Hiyo ni nyumba ya kwanza," anasema. "Bado tisa."