Msiba wa Shomari na Kitabu cha Risasi

Ipo siku moja, mwanangu Mwajuma, kila nikiikumbuka nacheka, halafu kicheko kinakatika chenyewe. Ni siku ambayo baba yako alililiwa msiba akiwa hai, amekaa uani anatafuna muwa.

Umenikumbusha wewe. Picha za vitabu vitatu ulizonitumia kwenye simu nimeziona, nimevaa miwani nikazikuza. Unataka kujifunza kujaza upya maganda ya risasi kwenye klabu yenu ya shabaha, kibali umeshaomba, na unaniuliza uanze na kitabu kipi. Swali zuri, hongera. Ila mwishoni ukaandika kwa furaha kwamba risasi za kwanza utampelekea baba yako azijaribu kwa shotigani yake, na ameshakubali. Hapo nikaweka simu chini. Chai ikanipolea hapa kibarazani Mkuza, baba yako mdogo nimekaa tu.

Enzi hizo wote tulikuwa Kisarawe. Mimi nimetoka shule, najiona Kiingereza kimenikubali. Kaka yangu Shomari, yaani baba yako, ndiye aliyekuwa na shotigani ya leseni, maana nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo shambani. Risasi zilikuwa adimu. Basi nikaokota maganda aliyokwisha kuyapiga, nikapata kitabu cha mitumba Kariakoo, kinene, kimejaa majedwali, kina jalada la kutamanisha. Mtu mmoja akanipa baruti ndani ya kopo. Kibali? Nani aliwaza kibali! Ujana una kichwa kigumu, mwanangu, na changu kilikuwa jiwe.

Kitabu nilikianzia katikati, kwenye majedwali. Kurasa za mwanzo niliziruka. Niliona maonyo matupu, nikasema haya ni ya kutishia watoto.

Jirani yetu alikuwa Mzee Maganga, fundi baiskeli, Mnyamwezi, mtani wetu wa kufa na kuzikana. Sisi Wazaramo na wao tunataniana tangu mababu, na mtani akikufanyia lake huna pa kushtaki. Akapita, akaniona nimetandaza maganda mkekani.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba, Mzaramo. Leo unapika nini?"

Nikamweleza kwa majigambo yote. Akasikiliza, akauliza nani atazipiga hizo risasi. Nikamwambia kaka. Akamgeukia baba yako. "Na wewe utazipiga?"

"Kama kajaza mdogo wangu, napiga," baba yako akajibu, wala hakuinua macho kutoka kwenye muwa wake.

Mzee Maganga akaondoka, nikadhani yamekwisha. Kumbe! Haukupita muda akarudi na jembe begani na shuka jeupe mkononi, analia kwa sauti ya kutoka tumboni. "Uwiii! Shomari wetu jamani! Umetuachia nani mihogo yote hii!" Akamfunika baba yako lile shuka, akaketi chini, mikono kichwani. Majirani wakaja mbio, wakakuta maiti inatafuna muwa. Watu walicheka mpaka mbavu hazina hali.

Bibi yako hakucheka. Alitoka jikoni na mwiko. "Maganga! Ni uchuro gani huu unatuletea nyumbani?"

"Uchuro nimeukuta, dada yangu. Mimi nimekuja kuzika tu." Akakinyakua kitabu changu, akakikalia.

Na unajua desturi: mtani akichukua kitu msibani, wenye msiba sharti wakikomboe. Nikamuuliza anataka nini, kuku? Akasema kuku nimle mwenyewe. "Msomee marehemu. Anzia mwanzo, kwa Kiswahili, mpaka aelewe. Mimi baruti siijui, Mzaramo. Msiba naujua."

Nikasoma. Sentensi ya kwanza nikaitafsiri, ya pili nikababaisha, ya tatu jasho likanitoka. Baba yako kila mara ananikatiza ndani ya shuka, "Maana yake nini?" Watu wanacheka, sasa wananicheka mimi. Halafu nikafika palipoandikwa kwamba baruti zinafanana kwa macho lakini hazilingani kwa nguvu, kila moja ina kipimo chake, na ile usiyoijua jina usiijaze kamwe, itaipasua bunduki mikononi mwa mpigaji.

Baba yako akavua shuka. Akaliinamia kopo langu pale mkekani, akaligeuza huku na huku. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga.

"Hii inaitwaje?" akaniuliza polepole.

Nikalifunika kopo. Bibi yako aliketi chini palepale na mwiko wake, akaanza kulia, na safari hii hakuna aliyecheka. Niliona haya, lakini zaidi ya haya niliogopa, maana bunduki huegemezwa shavuni, na shavu lenyewe lilikuwa la kaka yangu. Kesho yake tulikwenda kulikabidhi lile kopo polisi, Mzee Maganga akatusindikiza, na njia nzima hakutania hata neno moja.

Haya, tuje kwenye vitabu vyako. Hicho chekundu kinachoahidi kwamba wikiendi moja inatosha, kiache dukani. Kinene chenye majedwali ni kizuri, lakini hicho unakifungua kazini ukishajua unachofanya, hakimfundishi mtu kuanza. Na ukikinunua, kiwe toleo jipya, usinunue cha mitumba kama changu, kwa sababu baruti hubadilika na vipimo vyake hubadilika. Anza na hicho chembamba, ulichosema kinakuchosha kwa kuzungumzia usalama na vifaa kurasa nyingi kabla ya kufika kwenye baruti. Hicho hicho. Tena mwalimu wa klabu awe pembeni yako, maana kitabu hakiwezi kukudaka mkono unapokosea.

Halafu, kabla hujagusa ganda hata moja, panda gari uende Kisarawe, umkalishe baba yako, umsomee huo mwanzo kwa Kiswahili. Ukikwama mahali, ujue hapo hujaelewa, urudi ukasome tena. Ila usimuulize kama atazipiga. Jibu lake mimi nalijua na wewe unalijua. Baba yako hajawahi kuweza kumkatalia mtu anayempenda, kwa hiyo kazi ya kukataa ni yako wewe, mwanangu, kila mara unaposhika risasi ambayo huna uhakika nayo.

Mungu akupe subira ya kurasa za mwanzo, aibariki mikono yako na macho yako. Na akujalie umzike baba yako akiwa kikongwe, amechoka kwa uzee, watani wakimlilia kwa vituko vyao vyote, wala isiwe kwa zawadi uliyompelekea wewe. Amina.