Kumsaidia Mama

Dada yangu mpiga picha ana hasira za karibu, na mimi simlaumu. Tangu tukiwa wadogo, kila studio tuliyokwenda ilimrudisha mama yetu akiwa mweupe. Anaingia mwanamke mweusi ti, mtaa mzima unamjua. Kwenye bahasha anatoka mgeni. Mama alizitia picha hizo zote sandukuni, akafunga. "Huyo si mimi," alikuwa akisema.

Ndiyo sababu dada alinunua kamera. Alimpiga mama picha dirishani, bila poda, wiki tatu kabla hatujamzika. Akajipiga na yeye mwenyewe mbili: moja kavaa gauni la mama, nyingine koti la baba, nywele kazificha kofiani. Kwenye ukumbi wa maonyesho yake ya picha, chini ya mahali pa kutundika picha ya mama, aliweka spika ndogo yenye sauti ya mama, akipiga soga na kucheka.

Asubuhi ya maonyesho, fundi wa kuchapa akaleta picha zimeviringishiwa karatasi. Tukafungua. Mama, mweupe. Dada kwenye gauni, mweupe. Dada kwenye koti, mweusi vilevile alivyozaliwa.

"Fundi, hii nini?"

"Nimewasaidia kidogo," akasema, uso umemkunjuka. "Kina mama wote nawafanyia hivyo, hata wasiposema."

"Na huyu je?" Dada akaigonga picha ya koti.

"Huyo si mwanamume? Mwanamume wa nini kumng'arisha?"

"Huyo ni mimi!"

Fundi akatazama picha, akamtazama dada, akanywea. Mimi nilitamani kumzaba kofi. Miaka ishirini nyuso za watu zinapita mikononi mwake, kumbe hajaangalia hata mmoja. Na msaada gani huo, wa kumfuta mtu aliyekwisha kufa?

Milango ilikuwa inafunguliwa saa nne, na kuchapa upya ni kazi ya kutwa. Dada akazitundika hivyo hivyo, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Alipomaliza akamkamata fundi mkono wa shati.

"Huendi popote. Simama hapa kando ya mama. Atakayeuliza, utamjibu wewe. Umelikoroga, utalinywa."

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mdogo, aliyelala kitanda kimoja na mama mpaka mama alipoolewa. Akaifuata sauti moja kwa moja. Akafika mbele ya picha, akaitazama, akaitazama spika, akageuka kutazama ukuta wa pili.

"Dada namsikia. Mwenyewe mmemweka wapi?"

Dada akamsukuma fundi kwa kiwiko.

Fundi akajikohoza. "Ndiye huyo, mama. Nilimsaidia kidogo tu."

"Alikuomba?"

Mama mdogo akavuta kiti, akaipa picha mgongo, akakaa kumsikiliza dada yake.