Zamu ya Njiwa Dume

Naftali Ohana, mtunza bustani wa mji wa Safed, aliongea na miti zaidi kuliko na majirani. Kila alichokiona alikitafutia fungu lake katika Torati. Mti wa lozi ukitangulia kuchanua, alisema unatufundisha kuwahi kutenda wema. Mkewe Yokheved alimtania, "Wewe hata nyuki akikuuma utasema kakuletea mahubiri!"

Utani ulikwisha binti yao wa pekee, Tirza, alipolazwa hospitalini kwa ugonjwa wa damu. Wazazi waligawana zamu kitandani pake: mchana baba, usiku mama.

Mchana mmoja Naftali aliaga kwenda nyumbani kuchukua nguo safi.

"Usikawie, baba," Tirza alisema.

Nyumbani alikuta njiwa mwitu ameatamia mayai dirishani. Tumaini likamjaa. Torati imeamuru, ukitaka mayai mwache kwanza mama yao aende zake, na malipo yake imeyataja waziwazi: maisha marefu. Maskini, hakuwaza kingine. Alinawa, akaomba kwa jina la Tirza, akamfukuza yule ndege. Ndege aligoma, akampiga mabawa mikononi, mwishowe akaruka. Naftali aliyainua mayai, bado yana joto.

"Wee Naftali, unafanya nini?" jirani yake Mazal, mfuga njiwa, alimwita kutoka ng'ambo ya ua.

"Nimemwachia mama aende. Kwa ajili ya Tirza."

"Mama gani? Huyo baba! Njiwa mchana huatamia dume, jike hushika usiku. Umri wote huo bustanini hujui? Hapo hujatimiza amri yoyote. Ngoja jioni, jike akija umfukuze."

Naftali alimtazama ndege. Alikuwa ametua ukutani, hakwenda mbali, macho yake kwenye mayai. Aibu ilimshika Naftali.

"Naye yuko zamu," alisema.

"Basi jioni..."

"Jioni simfukuzi mtu, Mazal."

Aliyarudisha mayai taratibu, akajibanza nyuma ya mlango mpaka dume akarudi kuatamia. Kisha akakimbilia hospitali, nguo akazisahau.

Tirza alikuwa macho. "Niliamka nikaona kiti kitupu."

"Nilikwenda kukutafutia maisha marefu, mwanangu."

"Umeyapata?"

"Sikuyapata."

Tirza alimnyooshea mkono. "Basi kaa."

Alikaa, wala hakuinuka mpaka Yokheved alipokuja kumpokea zamu.