Theluthi Isiyoguswa

Fundi wa injini hakuiamini geji ya mafuta hata siku moja. Kila boti ilipojiandaa kwenda kuvua bahari kuu, aligonga tangi kwa kidole, akatega sikio kama daktari, akazamisha kijiti, akakinusa, kisha akamtangazia nahodha kwa sauti yake ya kukwaruza: "Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi." Hata chai aliinywa hivyohivyo. Theluthi ilibaki kikombeni mpaka ikapoa, na mkewe alishachoka kuuliza kama sukari imezidi.

Safari hii nahodha aliamua liwalo na liwe. Samaki walikuwa wamesogea mbali, naye akaamuru mapipa mawili ya dizeli ya akiba yashushwe, barafu zaidi ya kutunza samaki kwa safari ndefu ichukue nafasi yake. Alikuwa bado anapanga maneno ya kumkabili fundi, mara akamwona anaingia geti la bandari, jasho linamtiririka, anasukuma pikipiki yake. Imeishiwa mafuta njiani, tena! Mabaharia walivunjika mbavu.

"Kumbe ndiwe unayenihubiria akiba?" nahodha akasema, furaha imemjaa. "Pikipiki yako mwenyewe haina hata tone!"

Fundi aliiegemeza ukutani, akahema, akajipangusa uso kwa kitambaa chenye grisi.

"Hii ikiishiwa naisukuma, bosi. Ile pale," akaielekezea boti kidevu, "utashuka kuisukuma wewe?"

Kicheko kilikatika. Nahodha aliitazama boti, akayatazama maji, akajikuta anatafuta kwa macho pa kukanyaga.

"Rudisheni mapipa," akasema.