Mkulima wa Serbia Aliyechekwa Khuwair

Amefariki mfasiri mmoja wa hapa Muscat, mzee wa Kizanzibari aliyesomea Belgrade ujanani, akatumikia wizara huku Al Khuwair mpaka akastaafu, kisha akashughulika kuzigeuza hadithi za Kiserbia kwa Kiswahili. Wasomaji wangu wengi hawamjui, kwani hakuchapisha hata ukurasa mmoja. Nilikuwapo siku iliyomfanya aianze kazi yake upya.

Tulikuwa kwenye majlisi, sebule ya wageni, ya rafiki yake, Khuwair ya Kusini, akitusomea kisa cha mkulima aliyekwenda mjini kudai shamba lake, karani akamzungusha kutwa. Mkulima huyo mfasiri alimpa lafudhi ya bara, kila r ikawa l, nasi tukacheka mpaka machozi. Fundi wa gereji kutoka Wadi Kabir, mtu wa makamo mzaliwa wa Mbeya, alikuwa amemrudishia mwenyeji gari lake, akakaribishwa kahawa. Yeye hakucheka. “Mzee wangu, naomba kuuliza,” akasema. “Huyo mkulima, kwa lugha yao, anachekesha hivyo anapoongea?” Mwenyeji akamkazia macho. “Hapana,” mfasiri akajibu. “Kwao asemaye vizuri ni yeye. Karani ndiye anayebabaika kwa maneno ya kuazima.” Fundi akaweka kikombe chini. “Basi mmemcheka baba yangu. Analima mahindi, na anaongea hivyo.” Akaaga, akatoka.

Mwenyeji alishika simu amkaripie. Mfasiri akamzuia mkono: “Mwache. Kosa nnalo mimi.” Ijumaa iliyofuata alikwenda Wadi Kabir kumwomba radhi, na tangu hapo kila Ijumaa alimsomea fundi kurasa zake, akiandika upya kila neno la mkulima.

Waandishi wa hadithi zile za Kiserbia, wengi wao watoto wa vijijini, hawakumpamba mkulima. Walionesha ubishi wake na woga wake mbele ya ofisi, lakini ulimi wake hawakuudhihaki, kwani ndimo walimochota lugha yao. Sisi ambao babu zetu walikuwa na mashamba Zanzibar twaikumbuka harufu ya karafuu; waliozichuma, hata majina yao hatuyajui. Ndiyo maana kicheko kile kilitutoka kirahisi.

Maziarani, tulipomzika mfasiri, fundi aliniambia kwa sauti ya chini, “Alimaliza ile hadithi. Nimeisoma yote, nikamsikia baba.” Nikaona haya kwamba mimi nilicheka. Anayemwandikia mtu maneno ameshika heshima yake mkononi; kabla ya kumsemesha, kwanza akae amsikilize.