Mbuzi wa Ndanu

Kwenye zile nyumba za mstari za Baba Dogo, mwanamke haitwi jina lake. Mimi ni Mama Mulama, na hata yule mlevi wa mlango wa mwisho tunamwita kwa jina la kitoto chake. Mbithe peke yake ndiye aliyeitwa Mbithe tu. Hakujaliwa kuzaa. Mumewe Muasya, mchonga vinyago, alifariki akamwachia tezo, chumba kimoja, na maneno ya mashemeji kwamba nyumba ya Muasya imezimika.

Mbithe alikataa izimike. Alishona mikanda ya ngozi pale soko la Kariokor hadi vidole vikawa sugu, akanunua mbuzi, akaenda kwao Ukambani akaoa. Ndiyo, akaoa, na usicheke, maana mimi nilicheka nikaaibika. Kwao mjane asiye na mtoto anaweza kutoa mbuzi wa ntheo, wale wanaofunga ndoa, akamchukua msichana wa kuizalia nyumba yake watoto watakaoitwa wa marehemu. Mambo ya kitandani kati yao hayamo; mwanamume wa kuzaa naye hutafutwa nje. Wa Mbithe alikuwa Ndanu, binti wa mzee Ndeti, aliyekuja mwaka ule wa njaa wa themanini na nne, mrefu, mkimya, mwenye mwendo uliowafanya wanaume wa viwanda vya jirani wasahau njia.

Mbithe hakumharakisha kuzaa. "Acha kwanza mwili urudi," alisema. Alimtafutia kazi ya kufunga sabuni, akampa kitanda, yeye akalala chini. Siku moja nikamwita Mbithe "Mama Ndanu" kwa mzaha. Uso wake ulifunguka hata nikashindwa kumwita vingine tena, na majirani wote wakafuata.

Baada ya miaka miwili hivi, wasichana wenzake kiwandani wakamsukuma Ndanu aingie mashindano ya urembo kwenye hoteli moja ya mjini. Sisi tuliona wazimu mtupu. Alirudi na taji kichwani na utepe begani. Ndiye angeiwakilisha nchi ng'ambo, kwenye mashindano ya warembo wa dunia. Mbithe alikata gazetini picha ya warembo wa mwaka uliopita, wamepangwa kila mmoja na utepe wa nchi yake, akaibandika ukutani.

"Hawa wote ni watoto wa watu?" aliniuliza. "Mbona wamekonda hivi? Kwani huko kwao pia mvua imekataa?"

Kila mrembo alitakiwa kubeba vazi la kwao, basi Mbithe akaanza kushona la Ndanu, sketi ya ngozi laini yenye shanga kiunoni. Sijawahi kumwona mtu akishona kwa furaha namna ile.

Kisha Ndanu akanifuata mferejini, macho mekundu.

"Mama Mulama, nimeisha. Kamati ya mashindano inataka msichana ambaye hajawahi kuolewa. Jumamosi wanakuja kuona wazazi na baba aweke sahihi. Aki, mwambie mwaitu aseme yeye ni shangazi yangu." Mwaitu ni mama kwa lugha yao, na ndivyo alivyomwita Mbithe. "Nikikosa hii nafasi nitafunga sabuni mpaka nizeeke."

Nikaenda. Mbithe alinisikiliza, sindano imesimama ndani ya ngozi.

"Hujui unaniomba nini," alisema. "Katika ukoo wetu, ukimkana mke mbele ya mtu aliyekula mbuzi wako, umemrudisha kwao. Neno hilo halimezwi tena. Na Ndeti atakuwa hapo."

Nilimwambia amwonee huruma msichana. Ilikuwa rahisi kwangu kusema, mimi mwenye watoto watano.

Jumamosi walikuja bwana na bibi wa kamati, wakaketi kwenye viti vyangu kwa kuwa vya Mbithe havikutosha. Mzee Ndeti alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi hiyo, na koti lake zito. Hakuna aliyemwandaa kwa uongo ule. Tulidhani hakuna baba awezaye kumwangusha bintiye.

"Na huyu mama ni nani wako?" bibi wa kamati akamuuliza Ndanu. Ndanu akainamisha kichwa.

"Mimi ni shangazi yake," Mbithe akajibu. Nilitaka kulia. Alikuwa ameizima nyumba ya Muasya kwa kinywa chake, ili mtoto wa mwenzake apande ndege.

Bibi akatabasamu, akamnyooshea Ndeti kalamu. Ndeti hakuipokea. Alisimama.

"Shangazi? Mbithe, unanitukana mbele ya wageni? Mimi si mwizi. Mbuzi wako niliwala, na wazee wakashuhudia. Watu waseme Ndeti alikula vya bure? Bibi, sikiza. Huyu msichana ni mke wa huyu."

Mtu mwaminifu! Ningeweza kumkaba koo. Bwana wa kamati alianza kucheka, lakini bibi hakucheka. Alimuuliza Ndanu kama ni kweli, na Ndanu hakuweza kumfanya babake mwongo mbele ya watu. Wakalichukua taji na utepe. Sheria za huko ni kali, walisema, na wa pili wake atakwenda.

Walipoondoka, Ndeti akamgeukia Mbithe. "Na wewe umemkana, nimesikia kwa masikio haya. Basi amerudi kwangu. Yuko mzee mmoja huko nyumbani ameshamuulizia. Mbuzi wako utapata mvua ikinyesha."

Ndipo Ndanu alipoanguka akaikumbatia miguu ya Mbithe. "Mwaitu, sema mimi ni wako! Sema ulikosea! Nitakuzalia, nitakuzalia wote unaotaka, usiniache niende naye!"

Lakini neno lile halimezwi. Mbithe akamshika kichwa, akakishika tu, mpaka babake alipomwinua.

Waliondoka kabla ya jua kushuka. Ile sketi ilibaki msumarini, upande mmoja haujatiwa shanga. Kesho yake nilimkuta Mbithe ameketi mlangoni, nami kwa mazoea nikamwamkia, "Umeamkaje, Mama Ndanu?"

Hakuniangalia.

"Mimi ni shangazi yake, Mama Mulama," alisema. "Si ulinisikia?"