Mrija Kidoleni mwa Bi Mkasi

Wateja ndio waliombandika mshonaji huyu jina la Bi Mkasi, na hawakumaanisha mkasi wa mkononi peke yake. Mdomo wake nao ulikata. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi, cherehani ya kukanyaga, na kioo kirefu cha wateja kilichoegemezwa tu ukutani, maana mumewe, seremala, alikuwa akiahidi kukitundika tangu mwaka juzi.

Jumanne moja kioo kikaanguka. Badala ya kukikwepa, Bi Mkasi alikidaka, kikamchana kidole cha shahada cha mkono wa kulia, karibu na shina lake. Jeraha lilishonwa, likafunga, lakini kidole kikabaki kama cha kuazima, hakihisi kitu. Alilithibitisha hilo wiki ya tatu, alipopinda joho la mwanakwaya na kuishonea plasta ya kidole chake humo humo. Mwanakwaya akaenda kuimba na plasta.

Hospitalini alisindikizwa na wifi yake. Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole, aliwaeleza kuwa mshipa wa fahamu ulikuwa umekatika, na kati ya ncha zake pana pengo la sentimita moja na nusu. Zikivutwa zikutane, zitakaza mno.

"Kitambaa kikipungua hakivutwi," alisema Bi Mkasi. "Kinatiwa kiraka."

Daktari alikubali. Kiraka kilichozoeleka, akasema, ni kipande cha mshipa kinachotolewa mguuni, na sehemu ya unyayo hubaki na ganzi. Alitaka kujua angependelea mguu upi. Bi Mkasi akamweleza kwa kirefu kwamba mguu mmoja unasukuma cherehani na wa pili unaizuia, na kwamba hakuna hata mmoja uliokuja pale kutoa mchango.

Wifi yake akajitolea mshipa wake mwenyewe. Alisema kwa dhati, machozi yakimlengalenga.

"Ahsante, wifi yangu. Lakini kidole chenye mshipa wako kitaanza kupeleka habari kwa majirani."

Wifi alinuna siku mbili. Daktari naye aligeukia dirishani kwa muda, mabega yakimtikisika, kisha akataja njia nyingine. Upo mrija laini, mwembamba, mtupu ndani. Ncha moja ya mshipa huingizwa huku, nyingine kule, na mshipa wenyewe huota polepole humo ndani, kama milimita moja kwa siku. Baadaye mrija huyeyuka. Kwa pengo fupi kama lake unafaa, ingawa hisia huenda zisirudi zote.

"Kama njia ya lastiki kiunoni," alisema Bi Mkasi. "Ila hapa lastiki inajipitisha yenyewe."

"Hasa."

"Lastiki zangu hazina adabu hiyo. Nitie huo mrija."

Baada ya upasuaji aligeuka mwanafunzi wa mumewe. Kila asubuhi alifumba macho, seremala akampapasa kidole kwa pamba, naye akasema kama amehisi. Mwezi wa pili seremala alichoka, akakaa tu na pamba yake mkononi. "Nimehisi," akasema Bi Mkasi. Hawakusemeshana mpaka chakula cha mchana.

Mwezi wa tano, macho yakiwa yamefumbwa, alikivuta kidole chake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kata kucha zako, baba. Zinakwaruza." Seremala aliuangalia ukucha wake, akamwangalia mkewe, akatoka nje akisingizia vumbi la mbao. Siku hiyo hakuwa amegusa ubao.

Tatizo lililobaki ni kwamba hisia zilirudi zimechanganyika. Chuma baridi kilimtekenya. Mwalimu mkuu alipokuja kupimwa suruali, Bi Mkasi alimzungushia futi kiunoni, kidole kikagusa chuma cha mkanda, akaangua kicheko. Mwalimu mkuu akadhani anachekwa tumbo. Alivuta pumzi, akalibana tumbo, wala hakuliachia alipoelezwa habari ya mrija na mshipa. Alikuwa amezoea visingizio vya wanafunzi.

Suruali ilitoka kwa vipimo hivyo hivyo, na haikufunga. Bi Mkasi akaifumua kiunoni, akaongeza sentimita nne, na safari hii akampima amevaa glavu.